Mshale wa Spidi wa Gari la Sista Saru

Juma lililopita mmoja wenu ninyi mafundi vijana alinipigia simu nikiwa shambani kwangu Chawia, mikono imejaa udongo. "Mzee Mwadime, niko na gari hapa spidomita haisomi. Nimebadilisha sensa, nimebadilisha dashibodi, skana bado inasema sensa ni mbovu. Nifanye nini?"

Nikamuuliza, gari hilo limetoka wapi? Akasema limetoka kushonewa viti. Nikamuuliza, umepima waya? Akaanza kunitajia bei ya sensa. Nikamuuliza mara ya pili, umepima waya? Akaniambia skana, ile mashine yenu ya kusomea kompyuta ya gari, ndiyo iliyomwambia. Nikakata simu nikarudi kwenye mahindi yangu, maana mahindi hayana skana.

Mnisamehe. Mimi si mtu mbaya, nimechoka tu. Nimefanya umeme wa magari mjini Voi miaka thelathini na minne, kichwa kimeinama pale dereva anapoweka miguu, lever ya kufungulia boneti inanichoma mbavu, jasho la Voi linaingia machoni. Nilidhani nikistaafu nitapumzika na maswali ya spidomita. Sasa yananifuata mpaka milimani. Na kila anayepiga amekwisha kubadilisha vitu vitatu kabla ya kupima kimoja.

Lakini nikishakata simu huwa najisikia vibaya, kwa sababu kosa hilo mimi pia nimelifanya, tena nikiwa na mvi. Nililifanya, kisha nikaongeza la pili lililokuwa baya kuliko la kwanza. Kwa hiyo leo nimekaa chini niwaeleze lote, mwanzo hadi mwisho, mpate kujua kwa nini nawakatia simu.

Palikuwa na muuguzi wa zahanati kule Mwanda, Sista Saru. Mwanamke mwembamba, mpole wa sauti, ila ukimdanganya anakuangalia mpaka unajisahihisha. Alikuwa na gari dogo la stesheni wagoni, rangi ya damu ya mzee, alilonunua likiwa limeshapita mikono ya watu wawili au watatu. Zahanati ilikuwa haina ambulensi ya kutegemewa, basi gari lile ndilo lililokuwa ambulensi. Mama akishikwa na uchungu Mwanda, Sista anamlaza kiti cha nyuma na kumteremsha hadi hospitali Wundanyi. Mnaweza kuelewa viti vile vilikuwa na hali gani baada ya miaka michache. Kapeti lilinuka hata ukiwa umefungua madirisha yote manne.

Akalileta Voi kwa Swaleh. Swaleh ni fundi wa viti, mtu wa familia za zamani za pwani zilizohamia Voi tangu enzi za reli. Karakana yake na gereji niliyokuwa nikifanyia kazi zilitenganishwa na ukuta mmoja wa matofali, na ukuta wenyewe haukuzidi kifua cha mtu. Miaka ishirini na kitu tulizungumza juu ya ukuta ule. Asubuhi alikuwa akinipitishia mahamri, mimi nikitoka nyumbani Chawia nampitishia parachichi na ndizi. Sikuwahi kuona mtu anayekata kitambaa kama yeye. Anapima kiti kwa macho, anachora kwa chaki mara moja, anakata, na kinakaa.

Akavitoa viti vya Sista, akatoa kapeti lote, akaosha sakafu ya bati, akaweka kapeti jipya na kushona viti upya kwa ngozi ya bandia inayopanguswa kwa kitambaa. Kazi safi kabisa. Jumatatu Sista akalichukua. Baada ya nusu saa, akaingia nalo kwetu gereji.

"Fundi, mshale wa spidi hauinuki," akaniambia. "Nimezunguka mji mzima, umelala tu kwenye sufuri."

"Umeanza lini?"

"Leo. Nikitoka pale kwa Swaleh."

Hapo ndipo niliposikia moto kichwani. Lazima mjue kwamba sisi mafundi wa umeme tunawaogopa mafundi wa viti kama mkulima anavyowaogopa nyani. Wanatoa viti bila kutoa betri, wanaacha plagi zinaning'inia, wanakaza skrubu ndefu katikati ya fungu la nyaya na hawajui wamefanya nini. Nilikuwa nimetengeneza magari mengi ya namna hiyo. Kwa hiyo Sista aliponiambia "pale kwa Swaleh", mimi nilikuwa nimeshamaliza kesi. Sikushika hata bisibisi.

Nikaenda ukutani nikamwita, na sikumwita kwa upole.

Siku hiyo gereji palikuwa na wateja wengine wachache, mmoja wao Mwalimu Mwakio, mkuu wa shule moja ya kule chini, aliyekuwa ameleta basi la shule honi yake itazamwe. Alikuwa ameketi kwenye benchi anasoma gazeti. Namtaja kwa sababu maneno husikiwa na watu.

Swaleh akaja ukutani, chaki nyuma ya sikio. Nikamwambia gari la Sista ameliharibu.

"Nimeliharibu vipi?" akauliza.

"Spidomita imekufa. Wewe ndiye uliyefungua gari."

"Mimi nimetoa viti na kapeti, nikarudisha viti na kapeti. Dashibodi sikuigusa. Wallahi hata skrubu moja ya mbele sikuifungua."

"Gari liliingia kwako zima, likatoka bovu. Sasa limeharibiwa na nani, Swaleh? Malaika? Kila gari linalotoka hapo kwako ni lazima lipite hapa nirekebishe. Ninyi mnashona, sisi tunatafuta nyaya."

Hilo la mwisho halikuwa kweli. Katika miaka yote ile, magari ya Swaleh yaliyokuja kwangu na hitilafu hayazidi mawili, na yote mawili alikuja mwenyewe kunieleza alichogusa. Lakini nilikuwa nimekasirika, na mtu aliyekasirika huzidisha.

Swaleh aliniangalia kidogo. Kisha akasema, bila kupandisha sauti, "Mwadime, pima kwanza, halafu useme." Akarudi kwenye cherehani yake.

Fundi wa viti ananifundisha mimi kupima. Mnaweza kufikiria nilivyojisikia.

Nikafungua dashibodi, na sikuifungua kwa kutafuta ukweli. Niliifungua nitoe ushahidi. Nilitaka nikute plagi moja inaning'inia nyuma ya ile sahani ya mishale niiinue juu ya ukuta aione. Nikatoa sahani. Plagi zote zilikuwa mahali pake, zimekaa imara, vumbi lake la miaka bado limezishika. Vumbi lenyewe lilikuwa linaniambia kwamba hakuna mkono uliofika pale. Nikaliona na sikulisikiliza.

Badala yake nikasema basi sensa imekufa. Kwa nini sensa ya kwenye giaboksi, iliyoko nje chini ya gari, ife siku ambayo mtu ameshona viti? Msiniulize. Sista aliniuliza, nikamwambia ni bahati mbaya. Nikatuma dukani ikaletwa sensa mpya, nikaifunga, tukaenda nalo hadi njia ya Mwatate na kurudi. Mshale ulilala vile vile kama mtu mwenye homa.

Jioni ilikuwa inaingia na Sista alikuwa na zamu asubuhi. Nikamwambia, "Sista, nenda nalo tu, urudi Ijumaa nikiwa na nafasi. Mshale ni urembo. Wewe unajua mwendo wako."

"Una uhakika hakuna kitu kingine kitakachoharibika?"

"Gari linakwenda kwa injini, Sista. Haliendi kwa mshale."

Niliyasema hayo mimi, fundi wa miaka thelathini na kitu. Yaandikeni mahali, ili siku moja mkitaka kusema neno kama hilo myakumbuke.

Jumatano, saa nne asubuhi, simu ikalia. Ni Sista Saru. Sauti yake ilikuwa tulivu, na ule utulivu ndio ulionitisha.

"Fundi, uliniambia ni urembo."

Alikuwa anamteremsha mama kutoka Mwanda kwenda Wundanyi, uchungu umeshapamba moto, dada wa yule mama ameketi nyuma akimshika. Kabla ya kona moja ya kuteremka, Sista akaondoa mguu kwenye mafuta, kama mtu yeyote anavyofanya. Injini ikazima. Mara moja usukani ukawa mzito kama umefungwa kamba, breki ya mguu ikawa ngumu. Upande wa kushoto ni bonde. Alivuta breki ya mkono na kuupindua usukani kwa mabega yake yote, gari likasimama likiwa limeegemea ukingo wa udongo wa upande wa juu. Akawasha tena. Likawaka. Kona iliyofuata, likazima tena. Akajifunza kuteremka akiwa ameshikilia mafuta kwa mguu mmoja na breki kwa mwingine mpaka Wundanyi.

"Mama yuko salama?" nikauliza.

"Amejifungua msichana. Mimi ndiye nisiyekuwa salama. Kesho naleta gari. Utalitengeneza, au uniambie huwezi nitafute mwingine."

Sasa nisikilizeni vizuri, maana hapa ndipo penye elimu. Ule waya unaopeleka habari ya mwendo hauishii kwenye mshale. Katika magari mengi ya namna ile, sensa inatuma mapigo, tuseme kama mapigo ya moyo, gurudumu likienda upesi mapigo yanaongezeka. Mshale unayasoma, na kompyuta ya injini nayo inayasoma. Ndivyo inavyojua kama gari linatembea au limesimama. Mapigo yakikatika, kompyuta inadhani gari limesimama. Ukiachilia mafuta kwenye mteremko, inashindwa kuishikilia injini inavyotakiwa, na injini inaweza kuzima. Mimi nililijua hilo. Nilikuwa nalijua hata Jumatatu. Ila nilikuwa na shughuli ya kumkasirikia Swaleh, na hasira haikuniachia nafasi ya kukumbuka kazi yangu.

Aliyenifundisha kazi hii alikuwa Mkamba mmoja, marehemu Mzee Kilonzo, aliyefanya kazi kwenye mashamba ya mkonge ya Mwatate kabla ya kuja Voi. Kifaa chake kilikuwa balbu moja ya indiketa iliyochomewa nyaya mbili. Alikuwa akisema hataki kusikia mtu akisema "nafikiri" ndani ya gereji. Ukisema "nafikiri waya umekatika", anakuuliza, "Umefikiri na balbu gani?" Niliudhika naye sana wakati ule. Alhamisi asubuhi, gari la Sista lilipoingia, nilimkumbuka na nikaona haya.

Basi nikapima. Nilifanya hivi, na ninyi mfanye hivi.

Nikainua magurudumu ya mbele kwa jeki na kuyaweka kwenye stendi za chuma. Nikachomoa plagi ya sensa kwenye giaboksi. Ina nyaya tatu: mmoja unaleta umeme, mmoja ni wa ardhi, wa tatu ni wa habari. Nikawasha ufunguo bila kuwasha injini, nikaweka mita yangu. Waya wa umeme, upo. Waya wa ardhi, mzima. Waya wa habari, ambao kwenye gari lile unatakiwa uonyeshe volti kidogo zinazotoka upande wa dashibodi, haukuonyesha kitu. Sufuri. Nikaenda nyuma ya sahani ya mishale nikapima waya ule ule upande wa pili. Volti zipo. Kwa hiyo huku umeme upo, kule haupo, na katikati waya umekatika. Dakika kumi. Sensa ya zamani niliyoitupa haikuwa na kosa lolote, na kama ningepima Jumatatu, Sista asingeshika usukani ule kwa mabega.

Iliyobaki ni kufuata. Kwenye gari lile fungu la nyaya linatoka nyuma ya dashibodi, linashuka pembeni mwa miguu ya dereva chini ya kapeti, halafu linatokea upande wa injini. Nikafungua kile kipande cha plastiki cha pembeni, nikalikunja kapeti jipya la Swaleh pole pole, nikapapasa fungu kwa vidole. Msitazame kwa macho peke yake. Vidole vinaona zaidi. Karibu na kizingiti cha mlango nikahisi uvimbe.

Nilifurahi, siwafichi. Nikasema huyu hapa, skrubu ya Swaleh. Nikaleta tochi.

Haikuwa skrubu. Ilikuwa kiungo cha zamani. Waya ulikuwa umekatwa zamani, ncha tatu zikasokotwa pamoja, zikafungwa tepu ya buluu, na mwisho wa tepu ukafungwa kwa uzi mweupe wa gunia ili joto la Voi lisiibandue. Shaba ndani imegeuka kijani kwa maji ya miaka. Kapeti la zamani lilipovutwa, kiungo kilivutika nalo, na ncha moja ikatoka.

Tepu ya buluu na uzi wa gunia. Mji mzima wa Voi mtu mmoja tu alikuwa anafunga hivyo. Nilikuwa nikijivunia. Nilikuwa nikiwaambia watu kwamba kazi yangu unaweza kuijua hata gizani.

Nikaketi pale kwenye kizingiti cha gari na kumbukumbu ikaja yenyewe. Gari lile lilikuwa jeupe zamani, la mwenye duka mmoja wa vifaa vya ujenzi hapo mjini, na alikuwa ameniomba nimfungie alam ya kufunga milango yenyewe gari likianza kwenda. Alam ya namna hiyo inahitaji habari ya mwendo, basi nikaukata waya wa spidi ili niidokolee habari hiyo. Siku ile stima zilikuwa zimepotea tangu asubuhi, siwezi kuchomea kwa risasi ya kulehemia, na mwenye duka yuko nje ana haraka. Nikasokota kwa mkono, nikafunga tepu, nikasema nitamwita kesho niichomee vizuri. Sikumwita. Baadaye gari likauzwa, likapakwa rangi nyingine, mtu akaitoa alam, na mimi nikasahau. Kiungo hakikusahau.

Upande wa pili wa ukuta cherehani ya Swaleh ilikuwa inakwenda.

Nikalikata lile donge, nikalitia mfukoni mwa shati. Nikaunganisha waya upya, nikachomea kwa risasi, nikavika mpira wa kubana, nikafunga fungu lisichezecheze. Nikazungusha gurudumu kwa mkono, mapigo yakaonekana kwenye mita. Nikalirudisha kapeti. Nikampeleka Sista njia ya Mwatate, mshale ukapanda hadi sitini, nikaachilia mafuta kwenye kila mteremko, injini haikuzima hata mara moja.

Tuliporudi akauliza, "Ilikuwa nini?"

"Waya ulikuwa umekatika chini ya kapeti."

Akatikisa kichwa. "Kwa hiyo ni Swaleh kweli."

Sikusema ndiyo. Sikusema siyo. Nikajipangusa mikono kwa kitambaa, nikatazama upande wa barabara, na yeye akaondoka.

Hilo ndilo kosa la pili nililowaambia. La kwanza lilikuwa la kazi, na la kazi hutengenezeka kwa dakika kumi.

Siku zilizofuata Swaleh hakuja ukutani. Mahamri yakakoma. Nilijiambia ni yeye aliyenuna, mimi sina neno. Nilijiambia pia kwamba nimesema ukweli, waya kweli ulikuwa chini ya kapeti, na kapeti kweli alilivuta yeye. Ukitaka kujua mtu anajidanganya, sikiliza anavyohesabu ukweli mdogo mdogo. Lile donge la tepu lilikaa mfukoni, nikibadilisha shati nalihamisha, na sikujua ninaliwekea nini.

Jumatano iliyofuata Mwalimu Mwakio akarudi na basi la shule, taa ya nyuma. Nikimfungia taa akasema, "Fundi, nakushukuru kwa siku ile."

"Siku gani, Mwalimu?"

"Ile ya gari la Sista. Nilikuwa nimpe Swaleh basi hili atengeneze viti vyote likizo hii. Nilipokusikia nikasita. Halafu nikakutana na Sista Wundanyi akaniambia kweli, waya ulikuwa umekatwa chini ya kapeti. Nimempa kazi fundi mwingine kule Mwatate. Hatuwezi kubeba watoto kwenye basi ambalo nyaya zake zimechezewa."

Basi lile lilikuwa na viti zaidi ya arobaini. Swaleh angekula kwa kazi ile miezi.

Nikashuka kwenye ngazi. Nikamwambia, "Mwalimu, ule waya niliukata mimi."

Hakunielewa. "Ulipokuwa unaurekebisha?"

"Hapana. Zamani. Kabla Sista hajanunua gari. Niliufunga vibaya, ukaoza. Swaleh hakufanya kosa lolote."

Mwalimu alikuwa mtu wa kupima maneno. Mwishowe akasema, "Nimeshatia sahihi makubaliano na yule wa Mwatate, Fundi. Vitambaa vimeshanunuliwa. Ungeniambia wiki iliyopita." Akakunja gazeti lake na hakulifungua tena mpaka alipoondoka.

Nikaenda kwa Swaleh. Sikuongea juu ya ukuta. Nilizunguka nikaingia kwa mlango. Alikuwa anashona kifuniko cha kiti cha lori. Nikalitoa lile donge mfukoni nikaliweka kwenye meza ya cherehani, mbele yake.

Akalitazama bila kuligusa. "Hii ni tepu yako," akasema.

"Ni yangu. Ndiyo iliyokuwa kwenye gari la Sista."

"Umejua lini?"

"Alhamisi."

"Leo ni Jumatano."

Nikamweleza habari ya basi, maana hakuwa na habari kwamba limeshakwenda Mwatate. Alikuwa bado analingojea. Nilimwona akitazama kona ya karakana ambapo alikuwa amepanga magodoro ya sponji, na nikajua yalikuwa ya nini.

"Sista umemwambia?" akauliza.

"Bado."

"Mwambie." Akashusha mguu wa cherehani kwenye kitambaa, akaendelea kushona. Nikaondoka.

Siku ya pili nikapanda Mwanda. Ukungu ulikuwa umekaa juu ya zahanati, akina mama wamejifunika leso kwenye benchi wakingoja chanjo. Sista akanitoa nje kando ya tangi la maji, nikamweleza yote, hata kuhusu sensa isiyokuwa na kosa. Alinisikiliza mpaka mwisho. Nilitegemea atakasirika kwa ajili ya ile kona, na alikuwa na haki. Alisema kitu kingine.

"Fundi, mimi nikikosea dozi naandika kwenye kitabu, jina langu na saa. Siachi mwenzangu wa zamu alaumiwe." Akatazama benchi lake la akina mama. "Swaleh alinishonea mfuko kando ya kiti cha nyuma, wa kuweka glavu na pamba. Sikumwagiza. Alifikiria mwenyewe. Na mimi nimekuwa nikimsema vibaya kwa kila mtu wiki nzima."

Akarudi ndani kazini. Jumamosi ile aliteremka mpaka Voi kumtaka radhi Swaleh, akiwa na debe la njegere. Nilimwona kupitia ukutani. Walizungumza, wakacheka kidogo. Mimi nilikuwa chini ya gari la mtu, na nikabaki huko chini mpaka alipoondoka.

Vijana, mtaulizwa kila siku swali hili la gari lililoguswa ndani likakataa kusoma spidi. Ndiyo, muulize mwenyewe ni nani aliyeligusa mwisho. Swali hilo ni zuri, linakuonyesha mahali pa kuanzia. Halikuonyeshi mwenye kosa. Aliyegusa mwisho mara nyingi ameamsha tu kilicholazwa na mwingine, na huyo mwingine anaweza kuwa wewe. Chomoa plagi, weka mita, tafuta huku upo na kule haupo. Usiseme jina la mtu mpaka mikono yako ifike kwenye shaba. Na ukishafika ukakuta ni kazi yako, sema siku hiyo hiyo, kabla ya chakula cha jioni, kwa sababu kesho yake inakuwa ngumu mara mbili.

Niliwaendea wote waliokuwa gereji siku ile, mmoja mmoja. Wengine walikuwa hata hawakumbuki. Mmoja alicheka kwa kejeli akasema naye atanunua tepu ya buluu afunge kama mimi. Swaleh aliendelea kunisalimia, salamu kamili, kwa heshima, kama anavyomsalimia mtu asiyemjua. Mahamri hayakurudi. Nami niliendelea kuleta parachichi kutoka Chawia, nikayaweka juu ya ukuta, na jioni nikiondoka nikayakuta pale pale, isipokuwa siku moja moja watoto wa jirani walipoyachukua.

Mwaka ulipita, na zaidi kidogo. Ilikuwa imebaki miezi michache nistaafu. Asubuhi moja pikapu ya Swaleh mwenyewe ikaingia gereji kwa lango la mbele. Akashuka.

"Indiketa ya kushoto," akasema. "Inapepesa haraka haraka."

Ilikuwa kazi ndogo, mguu wa balbu ya nyuma umeshika kutu. Nikamwambia kuna kiti pale kivulini. Akasema yuko sawa. Akasimama karibu na bega langu, mikono nyuma, akiangalia vidole vyangu tangu skrubu ya kwanza mpaka ya mwisho. Nilipomaliza hakuniambia asante mara moja. Aliingia, akawasha kushoto, akawasha kulia, akawasha kushoto tena, halafu akashuka na kuzunguka nyuma ya pikapu ajionee mwenyewe. Nikampisha apime kwanza.